Unampeleka mgonjwa Delhi? Teksi ipange ukiwa nyumbani

Mdogo wangu mmoja kaniandikia kutoka Morogoro. Anamsindikiza mama yake India kwa upasuaji wa moyo. Viza zimetoka, tiketi zimekatwa, ndege inatua Delhi saa nane usiku. Habari za hospitali anazo zote, hata ghorofa ya kliniki anaijua. Kinachomnyima usingizi ni kile kipande cha katikati: "Dada, tukitoka uwanjani usiku ule, tunapandaje teksi bila kutapeliwa?"

Nakujibu hapa hadharani kwa sababu najua hauko peke yako. Wagonjwa wetu wengi, wa Tanzania na wa Kenya, wanapelekwa India kwa moyo, figo, saratani na mifupa. Familia inachangishana, kiwanja kinauzwa, kikundi cha WhatsApp kinahesabu michango mpaka usiku wa mwisho. Halafu msindikizaji anatua kule hajalala, mgonjwa kavimba miguu kwa kukaa, dola ziko kiunoni chini ya nguo, na mtu wa kwanza anayemwita "mama" kwa upole anakabidhiwa mizigo. Wapigadebe wa uwanjani wanaishi kwa uchovu huo. Hawana haja ya kukuibia kwa nguvu, wanasubiri uchoke tu useme "twende".

Sheria yangu kwako ni moja, mengine yote yanaifuata: anayekufuata, usimfuate. Gari lako utalifuata wewe mwenyewe, pale ulipopanga kulipata, na mpango huo uwe umeufunga kabla hujaondoka Morogoro.

Anza na hospitali. Hospitali kubwa za Delhi na za Gurugram pale jirani zina idara ya wagonjwa wa kimataifa, na nyingi hutuma gari uwanjani. Waandikie barua pepe mapema. Wape namba ya ndege, saa ya kutua kwa saa za India, na waambie mgonjwa anatumia kiti cha magurudumu. Angalia sana tarehe. Ukiondoka nyumbani tarehe 14 jioni ukatua saa nane usiku, umefika tarehe 15, na ukiwaandikia 14 dereva atakuja usiku wa jana yake, asikuone, aondoke. Wakikubali kukufuata, usiridhike na jibu la "dereva atakuwepo". Taka jina lake, namba yake ya simu na namba ya gari, vyote kwa maandishi.

Sasa pale nje utakuta watu wamejipanga na vibao. Usimwendee mwenye kibao ukamuuliza, "Umemfuata mama fulani kutoka Tanzania?" Ukishamuuliza hivyo, hata asiyekujua atasema ndiyo. Mwache aseme yeye: amemfuata nani, anatoka nchi gani, anakwenda wapi. Akibabaika, pita. Kibao chenye jina la hospitali peke yake hakikutoshi, maana jina la hospitali mtu yeyote anaweza kuliandika kwenye karatasi.

Kama gari la hospitali halikupatikana, usiogope, njia nyingine zipo. Lakini kabla ya njia hizo kuna jambo moja la viwanja vya India ambalo wageni wengi hawalijui. Ukishatoka nje ya jengo, askari wa mlangoni hakuruhusu kurudi ndani bila tiketi ya kusafiri. Huwezi kusema ngoja nitoke nichungulie teksi halafu nirudi kukaa. Kwa hiyo kila unachohitaji kifanye ukiwa ndani, pale baada ya kuchukua mabegi: mpeleke mama chooni, anywe maji, ale dawa zake, uchaji simu, ubadilishe fedha, uandike ujumbe wa nyumbani. Kama hali ya mgonjwa inaruhusu na mnaona giza linawatisha, kaeni kwenye viti mpaka kupambazuke. Saa mbili au tatu za kusubiri ndani ni salama kuliko kubishana na dereva barabarani usiku wa manane.

Fedha: utafika na dola zako. Badilisha kidogo tu kaunta ya uwanjani, ya teksi na ya chakula cha siku ya kwanza, kwa sababu bei yao si nzuri. Omba noti ndogondogo za 100 na 200. Noti kubwa unayopaswa kukutana nayo ni ya 500. Ile ya 2000 Benki Kuu ya India ilitangaza kuiondoa kwenye mzunguko mwaka 2023, na ya 1000 ilifutwa Novemba 2016 pamoja na 500 za zamani. Mtu akikurudishia chenji yenye noti ya 1000, anakupa karatasi.

Na hapo ndipo kuna mchezo wa mkono mwepesi. Unampa dereva noti ya 500, anageuka kama anatafuta chenji, anakurudia na noti ya 100 mkononi: "Madam, umenipa 100." Wewe una usingizi, noti zenyewe ngeni, unaanza kujishuku. Dawa yake ni kutaja kwa sauti. Inyooshe noti, isome namba, sema "five hundred", mwone akiitazama, ndipo uiachie. Ukiwa na fedha kamili, mchezo wote unakufa.

Teksi ninayokushauri mgeni wa mara ya kwanza, asiye na laini ya India, ni ya kulipia kabla. Tafuta kibanda cha polisi wa Delhi kilichoandikwa Prepaid Taxi. Ukiulizia, uliza askari au mfanyakazi mwenye kitambulisho shingoni, wala usimuulize anayezungukazunguka, kwa sababu huyo atakwambia kimefungwa, au yeye ndiye prepaid. Ukifika dirishani unataja unakokwenda na idadi ya mabegi, wanakutajia nauli, unalipa pale pale, unapewa stakabadhi. Usiku, kati ya saa tano na saa kumi na moja alfajiri, nauli ya teksi huongezwa robo yake kwa utaratibu uliowekwa na serikali, kwa hiyo ukiona imezidi ya mchana kidogo hujaibiwa. Uliza hapo dirishani kama ushuru wa barabara umo ndani, hasa mkielekea Gurugram, ambayo iko jimbo jingine.

Ile stakabadhi, mdogo wangu, ishike kama pasipoti yako. Dereva hulipwa kwa kuirudisha. Ndiyo maana wapo watakaonyoosha mkono hata gari halijawashwa: "Madam, slip, slip." Usimpe. Mwambie utampa mkifika, na umpe mkiwa mmeshashuka, mabegi yote yako chini na mgonjwa amekaa ndani ya mapokezi. Ukiitoa mapema huna tena cha kumshikia, na anaweza kukushusha anapotaka yeye, au akadai nyongeza ya mizigo, ya maegesho, ya foleni.

Kuna na Uber na Ola, na wengi wenu mmeshazoea programu za aina hii nyumbani. Kule zinafanya kazi vizuri, ila pakua na kuisajili programu kabla ya safari, na chagua kulipa taslimu, kwa sababu kadi za nje mara nyingi zinakataa. Laini ya simu unaweza kununua uwanjani kwa pasipoti na viza, lakini haiwaki papo hapo, inaweza kuchukua saa kadhaa. Ukiagiza gari, utapewa namba ya siri ya tarakimu nne ya kumtajia dereva. Mtajie baada ya kulinganisha namba ya gari na sura yake, mkiwa tayari ndani. Akikupigia akakuomba ufute safari ili umlipe mkononi, kataa, agiza mwingine. Ukifuta, safari yenu haina kumbukumbu popote.

Jifunze pia kutazama kibao cha namba ya gari, kitu ambacho hakihitaji Kiingereza wala Kihindi. India gari la biashara lina kibao cha njano chenye maandishi meusi. Gari la mtu binafsi lina kibao cheupe. Magari ya umeme yana kibao cha kijani: la biashara maandishi ni ya njano, la binafsi ni meupe. Mtu akikuita kwenye "teksi" yenye kibao cheupe, hiyo si teksi, hata kama viti vyake vina vitambaa safi na yeye kavaa shati lililopigwa pasi.

Sasa nikae kwenye ule utapeli ninaouogopa zaidi, kwa sababu unaanza mkiwa tayari mmeingia kwenye gari na mmeshapumua. Mmekwenda dakika kumi, dereva anauliza kwa huruma, "Hoteli gani?" Unamtajia. Anatikisa kichwa. Ile imefungwa. Au imeungua. Au barabara ya kule ina maandamano, ina sherehe, polisi wameziba. Unasema uliilipia. Anasema basi tupite ofisi ya utalii ya serikali wakupigie simu. Anasimama kwenye duka lenye taa, ramani ya India ukutani, kijana mwenye tai mezani. Kijana anaomba karatasi yako ya hoteli, anabonyeza namba, anakupa simu uongee mwenyewe. Sauti upande wa pili inakwambia samahani madam, nafasi yako haipo. Aliyepokea ni mwenzao, kakaa mahali anangoja simu hizo. Kinachofuata ni chumba cha bei mara tatu au nne, kulipwa kwa dola, na kesho yake mnapelekwa kwa "daktari mzuri zaidi".

Utapeli huu ni wa miaka mingi Delhi, na umewanasa watalii wa kila rangi. Kwenu nyie una ubaya wa ziada, kwa kuwa mgonjwa anachelewa dawa na kitanda. Fikiri tu: ofisi gani ya serikali inafunguliwa saa nane usiku kuwauliza wageni wanalala wapi? Jibu lako kwa dereva liwe moja na usilibadilishe: "Nipeleke hapo hapo. Kama imefungwa nitaona mwenyewe." Usishuke kwenye ofisi yoyote. Usimpe mtu karatasi yako. Ukitaka kupiga simu, piga kwa simu yako, kwa namba uliyoipata nyumbani. Namba hiyo ihakikishe kabla: ipigie kutoka Morogoro siku mbili kabla ya safari, ongea na mtu wa mapokezi, mwambie mnafika usiku na akueleze alama ya karibu, jengo au kituo cha metro, maana anwani za Delhi zina bloku na sekta zinazofanana sana. Pakua ramani ya Delhi kwenye simu ifanye kazi bila intaneti. Ile nukta ya bluu itakuonyesha kama mnasogea au mnapelekwa kwingine, na dereva akiona unaifuatilia anajua amepata abiria aliye macho.

Akiendelea kukaidi, piga 112. Ndiyo namba ya dharura ya India nzima. Piga mbele yake, utaje namba ya gari kwa sauti.

Kwa upande wa mgonjwa, kiti cha magurudumu kiombe kwenye shirika la ndege wakati wa kukata tiketi, ni huduma isiyolipiwa. Toroli za mizigo nazo ni bure, kwa hiyo anayekimbilia kukusukumia atataka malipo, na akikataa rupia akadai dola, mwache na maneno yake. Bei yoyote ya mdomo mfanye mtu aiandike. Kumi na tano na hamsini za Kiingereza zinafanana masikioni mwa mtu aliyechoka, na wengine wanazifananisha makusudi. Aandike tarakimu, aandike rupia au dola, aandike ni ya gari zima au ya kila kichwa.

Usimsimulie dereva ugonjwa wa mama. Wengi wao ni watu wema, wanatafuta riziki kama sisi, lakini wapo wanaolipwa kamisheni wakimpeleka mgonjwa kwa wakala au nyumba ya wageni fulani. Akikuuliza umefuata nini, mwambie umekuja kwa ndugu wanaokusubiri.

Wanaotua Mumbai na Chennai, kaunta za teksi za kulipia kabla zipo huko pia, na niliyosema juu ya stakabadhi, chenji na vibao hayabadiliki.

Na nyie mnaobaki nyumbani, nawaomba jambo moja. Delhi iko mbele yetu kwa saa mbili na nusu. Wakitua saa nane usiku, kwetu ni saa tano na nusu. Msilale wote. Mmoja wenu, mmoja tu, abaki na simu yenye chaji, apokee picha ya kibao cha gari na ile stakabadhi kabla halijaondoka, afuatilie safari yao kwenye WhatsApp mpaka asikie sauti ya mgonjwa kutoka chumbani. Wengine acheni kupiga, muwaachie laini wazi.