SOMO: ELIYA CHINI YA MTI

Tusome kwanza: 1 Wafalme 19:1-18, Hesabu 11:10-17, Mathayo 26:36-39.

Somo letu ni juu ya jambo ambalo wengi wanalibeba na wachache wanalitaja: mzigo wa mawazo. Mtu anakosa usingizi, chakula hakimpiti, moyo unampiga bila kukimbia, anawakasirikia watoto bila sababu. Akiulizwa habari, anajibu, "Ni sawa tu." Anakuja kwenye ibada, anaimba pamoja nasi, anarudi nyumbani na mzigo wake.

1. Mzigo upo

Sisi wa Kinkondja tunaishi kwa ziwa Kisale na mto Lualaba. Maji hayo yanatulisha, lakini yakijaa yanaingia nyumbani na mashambani. Kipindupindu hurudi pande zetu mara kwa mara. Samaki wanapungua, na baba anayerudi na mtumbwi mtupu anafikiri deni la wavu na pesa ya masomo ya watoto. Tena kuna kumbukumbu za vita. Miaka ya 2005 na 2006 watu wengi wa upande wa Mitwaba walikimbia vijiji vyao, na wengine walijificha kwenye visiwa vya matete huko ziwani Upemba. Vita vikiisha, mwili unarudi kijijini, lakini roho inaweza kubaki kule mateteni miaka mingi.

Jambo hili si la kwetu peke yetu. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani (OMS) lilionyesha kwamba katika nchi zilizopigwa na vita, mtu mmoja na zaidi kati ya watu watano ana ugonjwa wa akili wa namna fulani, mdogo au mkubwa. Shirika hilo lilisema tena kwamba katika mwaka wa kwanza wa Korona, 2020, magonjwa ya hofu na huzuni kubwa yaliongezeka kwa 25% duniani. Basi asiyelala usiku asifikiri ni yeye tu.

2. Mungu alianza na mkate

Eliya alikuwa nabii. Alikuwa ametoka mlima Karmeli, mahali Mungu alipojibu kwa moto. Lakini alipotishwa na Yezebeli, aliogopa, akakimbia. Huko Beer-sheba alimwacha mtumishi wake, akaenda peke yake jangwani mwendo wa siku moja, akakaa chini ya mti, akaomba afe.

Tuangalie vizuri Mungu alifanya nini. Hakumwambia kwamba imani yake ni ndogo. Hakumuuliza dhambi yake. Alimwacha alale. Kisha malaika akamgusa, akampa mkate uliookwa juu ya makaa na maji ya kunywa. Eliya akala, akalala tena. Malaika akarudi mara ya pili, akamlisha tena, kwa sababu safari ilikuwa kubwa kupita nguvu zake. Ndipo alipotembea siku arobaini mpaka Horebu. Usingizi na mkate vilikuja kwanza, mwendo wa siku arobaini ukafuata.

Kwa hiyo mtu aliyechoka namna hii asifungishwe chakula siku tatu ili apone. Alishwe, alale, asiachwe peke yake. Kisha tuombe pamoja naye.

Kule Horebu Mungu alimuuliza anafanya nini pale, akamwacha aseme uchungu wake wote, na mara ya pili pia. Eliya alifikiri amebaki peke yake. Mungu akamwonyesha kwamba wako watu 7.000, akampa Elisha wa kutembea naye. Musa naye, mzigo wa taifa ulipomshinda hata akaomba kufa, alipewa wazee 70 wa kubeba pamoja naye. Na Bwana wetu Yesu, katika Getsemane, aliwaambia rafiki zake watatu wazi kwamba roho yake ina huzuni nyingi, akawaomba wakeshe naye. Kama Bwana hakuona haya kusema, nani kati yetu atamchekesha ndugu anayesema?

3. Mateso si alama ya imani ndogo

Papa Simon Kimbangu alihukumiwa kifo tarehe 3 oktoba 1921. Mfalme Albert I akageuza hukumu kuwa kifungo cha maisha. Alikaa katika gereza la Elisabethville, leo Lubumbashi, mpaka kufa kwake tarehe 12 oktoba 1951: miaka thelathini. Nani atasema aliteseka kwa sababu hakuomba? Na Mama Muilu Marie alibaki na watoto watatu, akawashika waaminifu kwa siri wakati kukusanyika kulikatazwa. Watu wale walisimama kwa sababu waliombeana na walitembeleana. Hilo ndilo fungu letu mpaka leo.

4. Mambo ya kukataa

a) Kusema kila ugonjwa wa akili ni ulozi. Neno hilo limefukuza watoto na wazee nyumbani, na mgonjwa hakupona. Waliotangulia waliacha dawa za mapepo na hirizi mwaka 1921. Tusirudie njia hiyo kwa mlango mwingine.

b) Kumfunga mgonjwa kwa kamba au mnyororo, au kumpiga. Luka 10:34 inaonyesha Msamaria alifunga vidonda, wala hakumfunga mtu.

c) Kuzima mawazo kwa lutuku au bangi. Pombe inaleta usingizi mbaya, na asubuhi huzuni inaongezeka.

d) Kumwambia mgonjwa aache dawa za munganga kwa kuwa ameombewa. Mwenye kifafa akiacha dawa ghafula, anguko linaweza kurudi na nguvu nyingi, na mvuvi akianguka mtumbwini atakufa maji.

5. Mambo ya kufanya

Kwanza, kutembelea. Rafiki za Ayubu walikaa naye siku saba bila kusema neno. Walikosea walipoanza kumhukumu. Huko Zimbabwe, tangu mwaka 2006, munganga Dixon Chibanda amefundisha mabibi wazee kukaa na wagonjwa wa mawazo kwenye benchi karibu na kituo cha afya. Ugonjwa huo wanauita kwa lugha yao "kuwaza sana". Bibi anasikiliza, wanachagua pamoja tatizo moja, wanatafuta hatua moja ndogo, na mgonjwa anarudi kueleza ilivyokwenda. Utafiti uliotangazwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba waliosaidiwa hivyo walipata nafuu kupita wengine. Wamama wetu wanaweza kazi hiyo. Lakini siri ya mtu isitoke nje, hata kwa njia ya maombi ya hadhara.

Pili, kuuliza wazi. Mtu akisema afadhali afe, tusimkemee wala tusicheke. Tumuulize kama anafikiri kujiua. Kuuliza hakumwingizii wazo hilo. Kunamfungulia mlango wa kusema. Usiku huo asilale peke yake, na sumu ya shamba, kamba na visu viondolewe karibu naye.

Tatu, kwenda kwa munganga. Huzuni ikipita majuma mawili bila kupungua, mama akizaa na kushindwa kumpenda mtoto, mtu akisikia sauti ambazo wengine hawasikii, tumsindikize kituo cha afya. Ugonjwa ukiwa mkubwa, Lubumbashi iko hospitali ya magonjwa ya akili ya Joseph Guislain. Safari ni ndefu, kupanda mto mpaka Bukama na kuendelea. Basi sadaka ya upendo ilipe njia, na ndugu mmoja aende naye.

Nne, kulinda mwili: kulala kwa saa yake, kula, kufanya kazi kidogo kila siku, kuimba na wengine. Kijana aliyejifungia nyumbani akirudi kati ya wapiga fluti, tayari ameanza kutoka chini ya mti.

6. Maswali ya kujibu katika vikundi

- Kwa nini malaika alimlisha Eliya mara mbili kabla Mungu hajamuuliza neno?
- Eliya alimwacha mtumishi wake Beer-sheba. Kati yetu, nani hajaonekana kwenye ibada mwezi huu, na nani atakwenda kwake?
- Kikundi chetu kinaweza kuweka nini pembeni kwa safari ya mgonjwa?

Wandugu, jibu la swali la pili liwe na jina la mtu, na siku ya kwenda. Atakayekwenda achukue unga au samaki, asiende mikono mitupu. Mungu awabariki na awape usingizi mwema. Amina.