Egemeo Si Mkongojo

Ukipita Barabara ya Naivasha kutoka Kawangware hadi Riruta Satellite, hukosi kusikia mipira ya pool ikigongana. (Meza za ndani ya baa tuwaachie wakubwa, sheria ya vileo ya mwaka 2010 haituruhusu kuingia huko kabla ya miaka 18. Nasema juu ya zile za vibandani.) Mabishano hapo hayaishi, na mengi ni juu ya vifaa: nani aruhusiwe kutumia nini?

Chukueni kile kijiti kirefu chenye kichwa cha pembe, ambacho mchezaji hukiweka mezani ili fimbo yake ipumzike juu yake. Vijana hukiita resti. Mimi naona chama chetu kikiite egemeo. Basi mtu mfupi akikishika tu, utasikia, "Aa, huyu anacheza na mkongojo!" Wengine humwambia akiweke kando, eti haya ni mashindano. Jamani, huko ni kumwonea mtu. Sheria za WPA, shirika la dunia la mchezo huu, zamruhusu mchezaji kutumia hata maegemeo mawili kwa pigo moja, na anaweza kuja na lake mwenyewe mradi lifanane na yale ya kawaida.

Sababu iko katika sheria nyingine. Wakati ncha ya fimbo inapogusa mpira mweupe, sharti angalau mguu mmoja wa mchezaji uwe chini sakafuni. Mrefu atajinyoosha afike. Mfupi akipanda mezani miguu yote juu, amefanya kosa. Sasa ukimnyima egemeo, unataka acheze nusu ya meza?

Ila lina adabu zake. Likigusa mpira ni kosa, sawa na kuugusa kwa nguo au kwa mkono. Kwa hivyo liweke polepole, lishikilie kwa ule mkono mwingine, na ukishapiga uliinue, usilikokote. Mpinzani naye asimame kando, midomo imefungwa, asijiweke mbele ya shimo linalolengwa.

Chaki, glavu na kirefusho cha fimbo ni halali. Poda pia, lakini kwa kiasi, kwani meza si andazi. Wanaolaza fimbo mezani ili wapime mstari wajihadhari: ukiiachilia mkono ikalala peke yake, ni kosa. Ukiwa bado umeishika, hakuna neno.

Kuna meza nyingine mtaani ambazo hazina egemeo kabisa, na wachezaji huegemeza fimbo juu ya fimbo ya mwenzao. Hapo semeni mapema, kabla sarafu haijaingia, kama hilo linakubaliwa. Likikubaliwa kwa mrefu, likubaliwe na kwa mfupi.