Ubongo Hujifunza kwa Kujua Matokeo

Katika somo lililopita tuliona kuwa milango ya fahamu hupeleka habari kwenye ubongo kwa njia ya mishipa ya fahamu. Leo tutachunguza namna ubongo unavyozitumia habari hizo ili kujifunza.

Watu husema kuwa mtu akirudia kazi mara nyingi ataiweza. Je, kurudia peke yake kunatosha? Tufanye jaribio.

Jaribio: Kuchora mstari bila kuona

Vifaa: karatasi, kalamu ya risasi, rula na kitambaa safi.

Fanyeni kazi wawili wawili. Mmoja awe mchoraji, mwingine awe mpimaji.

1. Mchoraji autazame urefu wa sentimita 10 kwenye rula. Kisha afungwe macho.
2. Achore mistari 10, kila mmoja akikisia sentimita 10. Mpimaji asogeze karatasi ili mistari isigusane, lakini asiseme neno.
3. Mpimaji apime mistari hiyo na kuandika urefu wake bila kumwambia mchoraji.
4. Mchoraji achore mistari 10 mingine. Safari hii mpimaji apime kila mstari mara unapokwisha kuchorwa, na kusema, kwa mfano, "Umezidi kwa sentimita 2," au "Umepungua kwa sentimita 1."
5. Tafuteni tofauti baina ya kila mstari na sentimita 10. Jumlisheni tofauti za kila fungu. Fungu lipi lina jumla ndogo zaidi?

Maelezo

Mtaalamu wa elimu wa Marekani, Edward Thorndike, alifanya majaribio ya namna hii katika miaka ya 1920. Aliona kuwa kuchora mara nyingi tu hakukuongeza usahihi. Usahihi uliongezeka watu walipoambiwa matokeo.

Katika fungu la kwanza mkono wa mchoraji ulihisi mwendo wake, lakini ubongo haukuwa na kipimo cha kuulinganisha nao. Katika fungu la pili ubongo ulipata habari za matokeo. Habari hizo huitwa mrejesho.

Ubongo hulinganisha mambo mawili: tokeo lililotazamiwa na tokeo lililopatikana. Tofauti baina yake ndiyo kosa. Sehemu iliyo nyuma na chini ya ubongo, iitwayo ubongo mdogo, hutumia kosa hilo kurekebisha mwendo wa misuli. Ndiyo sababu mstari ukizidi, unaofuata hufupishwa.

Zipo pia seli za ubongo zitoazo kemikali iitwayo dopamini. Tokeo likiwa zuri kuliko tulivyotazamia, seli hizo hutoa dopamini nyingi zaidi. Likiwa baya kuliko tulivyotazamia, hutoa kidogo. Kwa njia hii viungo baina ya seli huimarishwa au hudhoofishwa, na jambo tulilojifunza hubaki katika kumbukumbu.

Matumizi katika masomo

Alama ya kosa katika daftari lako ni mrejesho. Mwanafunzi anayefuta kosa kabla ya kulichunguza huunyima ubongo wake habari unazozihitaji. Anayenakili jibu la jirani hupoteza zaidi, kwa kuwa ubongo wake haukujaribu lolote la kulinganisha.

Unaposoma peke yako, funga kitabu, andika unayoyakumbuka, kisha fungua kitabu usahihishe. Hapo utajua ulichokishika na ulichokisahau. Kusoma ukurasa uleule tena na tena hakukuonyeshi tofauti hiyo.

Maswali

1. Mrejesho ni nini?
2. Kwa nini mpimaji hakutakiwa kusema neno katika fungu la kwanza?
3. Ubongo mdogo una kazi gani mtu anapojifunza kuchora mstari?
4. Asha alipata hesabu 4 kati ya 10. Aliambiwa jumla ya alama tu, wala hakuonyeshwa hesabu alizokosea. Je, mrejesho huo unamtosha? Eleza sababu.
5. Buni jaribio la kurusha jiwe dogo ndani ya duara litakaloonyesha faida ya mrejesho.