Macho ya Mtoto: Mambo ya Kukagua Nyumbani

Mtoto mdogo hawezi kusema, "Mama, sioni." Akizaliwa haoni vizuri, hana cha kulinganisha. Kwa hiyo kazi ya kugundua ni ya watu wa nyumbani. Watoto wengi waliopoteza uwezo wa kuona wangeweza kuokolewa kama wangefikishwa hospitali mapema.

Kagua hivi

Tazama mboni, ule weusi wa katikati ya jicho. Ukiona weupe ndani yake, au picha iliyopigwa kwa mwanga wa simu ikionyesha jicho moja lina mng'ao mweupe, mpeleke mtoto hospitali wiki hiyohiyo. Huenda ni mtoto wa jicho, maana ugonjwa huo si wa wazee peke yao. Huenda pia ni saratani ya jicho, ambayo huwapata zaidi watoto walio chini ya miaka 5, na ikicheleweshwa huua.

Ziba jicho moja kwa kiganja wakati mtoto anacheza, kisha ziba la pili. Akitulia upande mmoja na upande mwingine akalia na kuusukuma mkono wako, huenda umeziba jicho pekee analolitegemea.

Dalili nyingine: makengeza, macho yanayochezacheza, au kichanga wa miezi 3 asiyefuatisha uso wa mama. Macho makubwa kupita kawaida, yanayotoa machozi na kukimbia mwanga, huashiria presha ya macho.

Sababu zinazozuilika

*Upungufu wa vitamini A.* Huanza na kutoona gizani: jua likizama, mtoto aliyekuwa akikimbia anaanza kupapasa ukuta na kujikwaa kwenye vigoda. Baadaye jicho hukauka, kioo chake cha mbele hupata kidonda na kutoboka. Mpe matembele, mchicha, papai, embe, viazi lishe, mayai, maini na dagaa. Mboga ziungwe kwa mafuta kidogo. Kuanzia miezi 6 hadi miaka 5, apate matone ya vitamini A kila baada ya miezi 6.

*Surua.* Huumaliza mwili vitamini A na kushambulia macho. Chanjo ya surua na rubela hutolewa mtoto akiwa na miezi 9, kisha 18. Aliyekwisha kuugua surua apelekwe kituoni apewe vitamini A.

*Rubela kwa mjamzito.* Mama huenda akapata vipele na homa kidogo tu, lakini mtoto akazaliwa na mtoto wa jicho, uziwi na ugonjwa wa moyo.

*Usaha kwa kichanga.* Kisonono au klamidia ya mama huingia machoni wakati wa kujifungua. Macho yakivimba na kutoa usaha katika siku 28 za kwanza, usisubiri kesho. Baba na mama nao watibiwe.

*Kuzaliwa njiti.* Mishipa ya damu ya jicho lake haijakomaa. Uliza wauguzi macho yatakaguliwa lini. Kwa kawaida ni wiki ya 4 baada ya kuzaliwa au kabla yake.

*Ajali.* Mishale ya miti, sindano, waya na chokaa viwekwe mbali. Chokaa au dawa ya kufulia ikiingia jichoni, mwagia maji safi mengi kwa nusu saa, kisha mkimbize hospitali.

Usifanye haya

Usiweke jichoni maziwa ya mama, mkojo, asali wala maji ya majani. Huingiza vijidudu na kuunguza kioo cha jicho. Usinunue dawa ya matone iliyomsaidia mtoto wa jirani. Baadhi zina steroidi, na zikitumika kwa muda mrefu bila uangalizi huleta presha ya macho kimyakimya.

Pa kwenda

Anzia zahanati, ueleze ulichokiona na lini, kisha uombe rufaa kwa daktari wa macho. Nchini Tanzania, macho ya watoto hufanyiwa upasuaji katika hospitali kama KCMC mjini Moshi, na Muhimbili na CCBRT jijini Dar es Salaam.

Baada ya upasuaji wa mtoto wa jicho, kazi bado. Ubongo hujifunza kuona katika miaka ya mwanzo, hivyo jicho likikaa bila kutumika, ubongo hulipuuza hata likiwa limesafishwa. Avae miwani kila siku, hata akiivua mara kumi mvishe tena, na asikose tarehe ya kliniki. Ambaye uoni wake haukurudi aandikishwe shule mapema kama wenzake, asome kwa maandishi makubwa au nukta nundu.