Tangi Linanuka: Mambo ya Kufanya na Kutofanya

Nikipigiwa simu kuhusu tangi la samaki linalonuka, huuliza jambo moja tu: umeshafanya nini? Jibu ndilo hunitisha.

Tangi lenye afya halinuki. Ukifunua kifuniko unapata harufu ya udongo uliolowa mvua, basi. Likianza kuvunda ujue kuna kitu kimeoza, na kitu hicho kina mahali kilipo. Kitafute. Wengi hawatafuti. Wanamwaga maji yote, wanasugua kila kitu kwa sabuni, wanarudisha samaki, na wiki inayofuata wananiita kuzika.

UNAPOTAFUTA: FANYA

Hesabu samaki. Kabla ya ndoo, kabla ya mpira. Kama walikuwa tisa na unaona wanane, usijidanganye kwamba wa tisa kajificha. Inua jiwe. Angalia nyuma ya chujio, ndani ya kile chungu cha pambo, na sakafuni nyuma ya kabati, maana samaki huruka nje usiku. Hesabu na konokono. Konokono mmoja aliyekufa hunuka kuliko samaki watano, na gamba lake linamficha. Ukimwona yuko palepale alipokuwa juzi, mtoe umnuse. Hutahitaji kunusa mara ya pili.

Chota maji kwa glasi safi, toka nayo nje, nusa. Ndani pua imeshazoea. Kama maji ya glasi hayanuki, achana na maji. Mama mmoja aliniambia, "Fundi, nimebadilisha maji mara tatu na bado." Nikamwambia, mama, maji yako hayana kosa. Nikafungua kabati lililobeba tangi. Mkebe wa chakula cha samaki ulikuwa wazi, umeingia unyevu, chakula kimegandana na kuota ukungu. Pembeni yake tambara la kufutia maji, limekunjwa likiwa limelowa, jeusi kwenye mikunjo. Samaki wamesumbuliwa mara tatu kwa kosa la tambara.

Tofautisha harufu. Ikiwa ni ya yai viza, tatizo liko chini ya mchanga. Mchanga laini ukijazwa kupita sentimita 5 hivi, maji hayapiti chini, oksijeni inaisha, na bakteria wasiohitaji hewa hutengeneza haidrojeni salfaidi humo. Chungulia kioo kwa pembeni: utaona madoa meusi mchangani. Ikiwa ni ya kinamasi, na kuna utando wa kijani kibuluu unaochunika kama kitambaa kilicholowa, huo si mwani. Ni sayanobakteria, na hupenda uchafu mwingi na maji yasiyotembea. Ikiwa ni ya mzoga, ni mzoga. Hukuhesabu vizuri.

Fungua chujio, hasa kama umeme ulikatika. Hapa ndipo nakuta kisa mara nyingi kuliko kwingine kote. Chujio la mkebe likizima saa kadhaa, maji yaliyofungiwa ndani yanaishiwa oksijeni. Bakteria wazuri wanakufa, tope linaanza kuvunda. Umeme unarudi saa nane za usiku, wewe umelala, chujio linautema uozo wote tangini. Asubuhi sebule inanuka na samaki wako juu ya maji wanahema. Kwa hiyo umeme ukikatika, chomoa plagi ya chujio. Umeme ukirudi, fungua chujio, mwaga maji ya ndani, suuza, kisha washa.

Pima amonia. Pua haitoshi. Amonia huua samaki kabla hujainusa. Amonia iwe sifuri, nitriti iwe sifuri, nitrati isizidi miligramu 40 kwa lita. Umenunua tangi, taa na mapambo, halafu kipimo cha matone unakiita ghali?

UNAPOTAFUTA: USIFANYE

Usifukize udi, usipulize marashi. Unaficha ushahidi. Tena pampu ya hewa hunyonya hewa ya chumbani na kuisukuma majini, pamoja na chochote ulichopuliza. Dawa ya mbu ya kupuliza ndiyo mbaya kupita zote: kiasi kisichokuumiza wewe kinaweza kumaliza tangi zima.

Usitie mkono majini kabla hujachomoa umeme. Hita, pampu, taa, vyote. Maji na umeme havina masihara. Na hita iache ipoe robo saa ndipo upunguze maji. Ya moto ikibaki hewani, kioo chake hupasuka.

Usinyonye mpira kwa mdomo, na mwenye kidonda mkononi avae glavu. Matangini huishi bakteria ambaye ni ndugu wa yule wa kifua kikuu. Akiingia kwenye mchubuko, uvimbe wake hukaa miezi na dawa zake humezwa muda mrefu.

Usichimbue mchanga wote kwa mkupuo. Ile gesi ya yai viza ni sumu. Iliyofungiwa chini haijaua mtu. Ukiivuruga yote pamoja, itawapata samaki. Hamishia samaki kwenye ndoo yenye maji yao wenyewe na hewa, au safisha kipande kimoja kwa wiki kwa mpira wa kunyonya.

UKISHAKIPATA: FANYA

Toa kilichooza, kisha badilisha robo ya maji. Kesho robo nyingine. Maji ya bomba yakae wazi kwenye ndoo saa 24 klorini iondoke. Penye kloramini hilo halisaidii. Tumia dawa ya kuondoa klorini iliyoandikwa kwamba inaondoa na kloramini.

Suuza sifongo la chujio kwa maji uliyoyatoa tangini. Klorini ya bombani imewekwa kuua bakteria. Haibagui.

Ongeza hewa. Uozo hula oksijeni, na maji ya joto la pwani tangu hapo hubeba oksijeni kidogo.

Teua mlishaji mmoja. Watoto wanalisha wakitoka shule, dada wa kazi analisha asubuhi, baba anarudi usiku naye ananyunyiza kidogo kwa sababu samaki "wamemkimbilia." Samaki hukimbilia kila mtu. Wape kinachoisha ndani ya dakika mbili, basi. Kinachozama bila kuliwa ndicho kitakachonuka keshokutwa. Na mkate si chakula cha samaki.

UKISHAKIPATA: USIFANYE

Usimwage maji yote na kuosha kila kitu. Hili ndilo linaloua kuliko harufu yenyewe. Kwenye sifongo, mchanga na mawe wanaishi bakteria wanaogeuza amonia kuwa nitriti, na nitriti kuwa nitrati. Kujijenga upya kutoka sifuri huchukua wiki nne hadi sita. Jamaa mmoja alimwaga lita 200 siku ya Jumamosi, akasugua kokoto mpaka zikang'aa, akanitumia picha kwa fahari. Jumanne maji yalikuwa meupe kama tui. Alhamisi samaki wa dhahabu watatu walikuwa ubavu. Kilichokuwa kikinuka mwanzo kilikuwa konokono mmoja.

Usitumie sabuni wala jiki. Sabuni hujificha ndani ya sifongo, haitoki kwa kusuuza. Ndoo na brashi za tangi ziwe za tangi tu, zisiguse choo wala vyombo.

Usilete mawe ya matumbawe kutoka ufukweni ukidhani unapendezesha. Matundu yake yamejaa wadudu waliokufa. Wiki moja tu utanipigia. Jingine ni kwamba hupandisha pH. Mbuna, samaki wa Ziwa Nyasa, watayafurahia maji hayo, lakini amonia kwenye pH 8 ina ukali wa karibu mara kumi ya ile ya pH 7. Uozo uleule, madhara mengine kabisa.

Usinunue samaki wapya kuziba pengo. Subiri amonia na nitriti zisome sifuri wiki nzima. Anayekuuzia hatakuambia hivyo.

Ukifuata haya, harufu huisha ndani ya siku chache. Ikifika siku ya saba na tangi bado linavunda, rudi mwanzo ukahesabu samaki upya. Na konokono.