Karatasi ya Ekografi ya Baba Usiitupe

Mdogo wangu wa Bafwasende, baba anaamka mara tano usiku, mkojo unatoka matone, nawe unaona haya kumwuliza. Kama mdomo wako unashindwa, mtume mjomba. Huenda hiyo ni prostati, ile Watanzania wanayoiita tezi dume, na haisubiri mmalize kuoneana haya.

Umeuliza kama muuze mbuzi mumpeleke Kisangani kutafuta IRM, ile mashine ya picha za sumaku. Bado. Barabara ile ni zaidi ya kilomita 250, na mzee mwenye kibofu kilichojaa juu ya pikipiki anateseka. Anzeni na ekografi, popote ilipo karibu nanyi.

Baba atakunywa maji, asubiri mkojo umbane, kisha daktari ampake jeli chini ya kitovu na kupitisha mashine. Haiumi, haina mionzi. Ni sauti isiyosikika inayorudi kama mwangwi na kuwa picha. Prostati inapimwa urefu, upana na kimo, vinazidishwa pamoja na 0.52, unapata mililita. Ya kijana ni kama 20. Sasa nisikilize vizuri: akishapimwa, aende akojoe, arudi apimwe tena. Wengi huondoka kabla ya hapo. Mkojo unaobaki kibofuni ndio namba ninayoijali zaidi, kwa sababu prostati kubwa yaweza kumwacha mtu akojoe vizuri na ndogo ikamfunga kabisa. Mkojo ukizoea kubaki mwingi, figo zaweza kuharibika. Omba wazitazame figo siku hiyo hiyo.

Ila mtu asikwambie "hakuna saratani" kwa picha hiyo ya tumboni peke yake. Haiwezi kujua. Saratani ya prostati ndiyo inayoongoza kwa wanaume wa Kongo, na inatafutwa kwa damu, kipimo cha PSA, na kwa kidole cha daktari. Vikileta mashaka, ndipo IRM inapofaa: inaonyesha mahali penye shaka na kuipa shaka hiyo alama, 1 hadi 5, ili sindano ijue ichukue nyama wapi. Jibu la mwisho linatoka kwenye nyama hiyo.

Rais Mobutu alipasuliwa Uswisi Agosti 1996 kwa saratani hii ya prostati. Kisangani ilipotekwa Machi 1997 alikuwa bado mgonjwa, na Septemba akafia Rabat. Hakukosa pesa ya mashine, ila pesa haikumponya. Ndiyo maana nakuhimiza mwezi huu, si mwakani.

Kila karatasi iandike tarehe, itie kwenye plastiki, uende nayo kipimo kijacho. Ukiona prostati ya mililita 45 kisha 47, usishtuke. Mikono ya wapimaji hutofautiana. Miaka miwili ya karatasi itamwambia daktari mengi kuliko picha moja ya ghali.

Na usiku ambao mkojo utagoma kabisa, tumbo likavimba, ekografi iacheni. Mkimbizeni hospitali awekewe sonda, ule mpira wa kutoa mkojo, usiku huohuo.