NANI ASHTAKIWE KWA MAJI TAKA?

Ndugu msomaji, wahenga walisema maji hufuata mkondo. Maji yanayomwagwa hapa kwetu Lindi hupita mtaroni na kuingia mto Motoine na Bwawa la Nairobi. Yakitoka bwawani, mto huitwa Ngong. Mto Ngong huungana na mto Nairobi, nao mto Nairobi huingia Athi, ambao huko chini huitwa Galana, kisha Sabaki, mpaka ukafika Bahari ya Hindi karibu na Malindi. Basi uchafu unaoanza safari Lindi huelekea Malindi! Njiani wapo watu wanaonyunyizia mboga, wanaonywesha ng'ombe, na hata wanaochota ya kupikia.

Katika makala haya mafupi nataka tujifunze swali moja tu: maji hayo yakichafuka, nani apelekwe kortini? Mara nyingi nimesikia jibu la haraka: "Si ni hao watu wa Kibera wanamwaga? Washikwe!" Mimi ni mkaaji wa Lindi na jibu hilo haliniridhishi. Sikatai kwamba tunamwaga. Lakini mama akimaliza kufua na ploti nzima haina bomba la sewa, yale maji atayapeleka wapi?

MAJI TAKA HUSAFISHWAJE?

Maji taka ni maji yaliyokwisha kutumika: ya chooni, ya kuoga, ya kufulia, ya jikoni na ya viwandani. Yakiachwa hivi hivi hubeba vijidudu vya kipindupindu, homa ya matumbo na kuhara. Pia huumaliza mto hewa, kwa sababu bakteria wanaokula uchafu hutumia oksijeni ambayo samaki nao wanaihitaji.

Kazi ya kuyasafisha si uchawi. Jiji letu lina mabwawa makubwa ya kusafishia maji taka kule Ruai. Katika mabwawa ya aina hiyo, maji hupitia hatua tatu. Kwanza hukaa katika bwawa lenye kina kirefu, uchafu mzito ukatulia chini na kuoza. Kisha huingia bwawa la pili, ambamo mwani huota kwa nguvu za jua na kutoa oksijeni ya kuwasaidia bakteria kumaliza uchafu uliobaki. Mwishowe huingia mabwawa yenye kina kifupi, jua likaua vijidudu vingi. Hapo ndipo maji huruhusiwa kurudi mtoni.

Lakini ili yafike Ruai ni lazima pawe na bomba. Nyumba nyingi za Lindi hazijaunganishwa. Hapo ndipo swali letu linapoanza.

KESI YA KISERIAN

Kiserian ni mji mdogo ulio upande wa Ngong, si mbali na Nairobi. Mji ulikua, majumba ya kupangisha yakaota, lakini mtambo wa kusafishia maji taka haukuwako. Maafisa wa afya waliwashtaki wenye majumba kadhaa kwa kuelekeza maji taka kwenye mto ambao umma hutumia, na kwa kukaidi ilani waliyopewa. Washtakiwa wakakimbilia Mahakama Kuu ya Nairobi. Kesi hiyo iliyofunguliwa mwaka wa 2004 inajulikana kwa wanasheria kama Waweru dhidi ya Jamhuri.

Hukumu ilitolewa tarehe 2 Machi 2006 na majaji watatu: Nyamu, Ibrahim na Emukule. Majaji waliyafuta mashtaka yale. Walisema ni ubaguzi kuwachagua wenye majumba wachache na kuwaacha wengine wa mji ule ule.

Je, walalamishi walienda nyumbani wakichekelea? La hasha! Majaji hawakuishia hapo. Ingawa mashtaka yalikuwa yameanguka, walisema maji bado ni machafu na watu wa chini ya mto bado wanayatumia. Katiba ya wakati huo haikutaja haki ya mazingira safi, ila ilitaja haki ya kuishi. Majaji walieleza kwamba kuishi si kupumua tu, bali ni kuishi katika mazingira yanayomfaa binadamu. Basi wakawaandama wote waliohusika. Wenye majumba walikumbushwa kwamba anayechafua ndiye anayestahili kugharamia usafi. Baraza la Olkejuado na Wizara ya Maji nao waliagizwa washughulikie ardhi na ujenzi wa mtambo.

Mafunzo ninayoyaona ni mawili. Kwanza, kumshika mmoja hakusafishi mto. Pili, serikali haiwezi kushtaki watu kwa kukosa mahali pa kumwaga, halafu yenyewe isiulizwe mahali hapo pako wapi.

SHERIA YA LEO

Katiba ya 2010 imeliweka jambo hili wazi. Kifungu cha 42 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi yenye afya. Kifungu cha 43 kinataja haki ya kiwango kizuri cha usafi, na ya maji safi na salama. Kifungu cha 70 kinamruhusu mtu kwenda kortini bila ya kuthibitisha kwamba yeye mwenyewe amepata hasara au ameugua. Tena kifungu cha 22 kinasema mtu asitozwe ada ya kufungua kesi ya haki hizi. Kwa hivyo hata mama mboga wa Lindi anaweza kusimama mbele ya jaji.

Tusidhani ni nchi maskini tu zinazoaibika. Umoja wa Ulaya ulitunga sheria ya maji taka ya mijini mwaka wa 1991. Italia ilichelewa kuitimiza katika miji mingi, na mwaka wa 2018 mahakama ya umoja huo ikaitoza faini ya yuro milioni 25, pamoja na nyingine ya kila miezi sita hadi kazi iishe. Huko aliyesimamishwa kizimbani ni nchi nzima, wala si mwenye ndoo.

HUKUMU SI BOMBA

Hata hivyo tusijidanganye. Mwaka wa 2021 Mahakama ya Mazingira na Ardhi hapa Nairobi iliamua kwamba haki ya wananchi ilivunjwa kwa kuchafuliwa kwa mito ya Nairobi na Athi, ikaagiza hatua zichukuliwe. Pita leo kandokando ya mto uone kama umekuwa safi! Karatasi ya jaji haisombi maji taka. Inampa mwananchi nguvu ya kuuliza, na asiyerudi kuuliza hupewa ahadi tu.

Basi jibu langu ni hili: ashtakiwe kila mmoja kwa kiasi cha uwezo wake. Mwenye kiwanda anayefungulia uchafu usiku ajibu. Landilodi anayekusanya kodi bila kujenga choo ajibu. Wenye dhamana ya kulaza mabomba wajibu kabla ya wote. Mama mwenye beseni awe wa mwisho, na aulizwe baada ya kupewa bomba.

MSAMIATI
Ilani: onyo rasmi la maandishi.
Kizimbani: mahali mshtakiwa anaposimama kortini.
Mwani: mimea midogo ya majini.
Kukaidi: kukataa kutii.

MASWALI YA KUJADILI
1. Kwa nini majaji waliyafuta mashtaka ya Kiserian lakini hawakuwaachilia hivi hivi wenye majumba?
2. Eleza hatua tatu za kusafisha maji taka kwa mabwawa.
3. "Hukumu si bomba." Jadili ukitoa mifano ya mtaani kwenu.

Kiswahili kitukuzwe!